Kinasa sauti, kompyuta, au vyote viwili? Ulinganisho kwa wanaorekodi muziki Bagamoyo

Bagamoyo ina muziki wa aina mbili ambao zamani haukuhitajiana. Upo unaopigwa nje, watu wakiwa wamezunguka: ngoma za wanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa, zeze na marimba za Kigogo zilizoweka makazi hapa tangu enzi za mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose, kaswida za madrasa, zikri za tarika ya Qadiriyya. Na upo wa vyumbani, wa kijana mwenye laptopu na spika mbili anayepika biti za bongo fleva na singeli. Mtu wa ngoma akiuliza anunue nini, jibu lilikuwa kinasa sauti. Wa biti aliambiwa kompyuta inatosha.

Siku hizi wanaazimana. Prodyuza anataka ngoma ya msondo ya kweli chini ya biti yake, kwa sababu sampuli za mtandaoni kila mtu anazo. Kikundi cha ngoma nacho kinataka wimbo uliosafishwa wa kuweka YouTube, na video ya simu yenye upepo mtupu haikitoshi tena. Hapo mtu anakwama: aongeze kinasa juu ya kompyuta aliyonayo, aongeze kompyuta juu ya kinasa, au abaki na kimoja akijue vizuri?

Njia ni tatu. Ya kwanza ni kinasa peke yake, kuanzia kunasa hadi kumaliza. Kuna vya mkononi, kama Zoom H1n au Tascam DR-05, vyenye maiki mbili juu na treki (njia za kurekodia) mbili ndani, basi. Na kuna vya mezani vyenye vitelezo kama miksa, mfano Tascam DP-24, yenye treki 24 na uwezo wa kurekodi 8 kwa mpigo, ambavyo unamiksi humo humo na kutoka na wimbo kamili bila kugusa kompyuta. Njia ya pili ni kompyuta moja kwa moja: maiki inaingia kwenye intafesi, kile kiboksi cha USB ambacho mafundi wengi wa studio bado wanakiita saundi kadi, na sauti inaandikwa ndani ya programu kama Cubase, FL Studio, Reaper au Audacity. Ya tatu ni kuvitumia vyote: kinasa kinanasa, kadi ya kumbukumbu inatolewa, mafaili yanaingizwa kwenye programu, kazi inamaliziwa huko.

Nitazipima kwa mambo matano: mahali na umeme, jinsi watu wanavyopiga, unachoweza kusahihisha baadaye, usalama wa kazi, na mfuko. Ubora wa sauti nimeuacha nje kwa makusudi. Kinasa cha kawaida cha leo kinaandika WAV, faili la sauti lisilobanwa, ya 24-bit kwa 48 kHz (sampuli 48,000 kwa sekunde), na intafesi ya kawaida hivyo hivyo. Tofauti utakayoisikia inatokana na maiki, chumba, na mahali uliposimamisha hiyo maiki. Anayekuambia kompyuta "ina sauti kubwa zaidi" anakusimulia habari za masta, yaani kupandisha na kusawazisha sauti ya wimbo uliokwisha miksiwa, na hiyo ni hatua ya mwisho kabisa.

Mahali na umeme

Kinasa cha mkononi hapa kinatamba bila mpinzani. Betri mbili, kadi moja, umemaliza. Unaweza kukisimamisha ufukweni, uani kwa mtu au kwenye baraza ya msikiti bila kuuliza soketi iko wapi. Vya mezani vingi vinataka umeme wa ukutani, ingawa vipo vinavyokubali betri: Zoom R16 inatembelea betri sita za AA kwa saa chache.

Tatizo la nje hapa kwetu ni upepo. Kusi likishika mchana, ile sponji nyeusi inayokuja na kinasa haisaidii kitu. Utasikia mngurumo chini ya kila pigo la ngoma. Inatakiwa kofia ya manyoya, na kinasa kiupe upepo mgongo hata kama hilo litawalazimu wapigaji kuhama. Kitufe cha kukata sauti za chini nacho kina ujanja wake: ukikiweka kwenye 80 Hz kinapunguza mngurumo, lakini kinakula pia tumbo la ngoma kubwa. Kwa kaswida kiwashe. Kwa ngoma kubwa kiache, na upepo upambane nao kwa kofia na ukuta.

Kompyuta nje ni mzigo. Laptopu ina betri yake, na intafesi ndogo inanyonya umeme kupitia USB, kwa hiyo kwa saa mbili tatu inawezekana. Ila jua la saa tisa linafanya kioo kisisomeke, feni ya laptopu inaingia kwenye maiki, na mchanga na hewa ya chumvi havina huruma na matundu ya USB. Chumbani mambo yanageuka: kiyoyozi umekizima, mlango umefungwa, na kioo kikubwa kinakuonyesha kila kitu. Umeme ukikatika, mwenye laptopu anaendelea. Mwenye kompyuta ya mezani bila UPS anaweza kupoteza alichokuwa anarekodi.

Njia ya tatu inachukua faida za pande zote mbili, kwa kuwa kila kifaa kinabaki kwao: kinasa nje, kompyuta ndani. Gharama yake utaiona mbele.

Na vyovyote utakavyochagua, pwani inakula vyuma. Vile vifuko vya chembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya usivitupe. Viweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko pamoja na maiki na kinasa.

Watu wanavyopiga

Hiki ndicho kigezo kinachoamua zaidi kuliko vingine vyote, na ndicho wanunuzi wengi hawakifikirii. Wapigaji wako wanapiga kwa pamoja wakitazamana, au kila mmoja anaingia na sehemu yake peke yake?

Kikundi cha ngoma kinapiga kwa kutazamana. Mwenye ngoma kuu ndiye mwenye saa. Anapunguza mwimbaji akitaka kuongea na anapandisha mchezaji akiingia uwanjani. Kasi inayoanza taratibu inaishia juu sana, na huko kupanda ndiko kunakowapandisha watu mori. Ukiwaweka hedifoni zenye mdundo wa kompyuta wa tik-tik-tik wasiotoka nje ya mstari, unapata ngoma safi isiyo na damu. Kinasa kilichosimama mbele yao, mita mbili hivi, kimo cha kifua, kinawachukua walivyo. Sogeza wapigaji badala ya kusogeza vitelezo: anayepuliza filimbi kali arudi nyuma, mwenye zeze aje mbele kabisa, maana zeze ni ndogo na ngoma itaimeza. Waombe wapige sehemu kali kuliko zote, weka kiwango ili kilele kiguse -12 dB (sauti hupasuka ikipita 0), kisha usiguse tena. Kila mara ngoma huwa kali zaidi pale watu wakisahau kwamba wanarekodiwa, na hiyo nafasi ya juu ndiyo itakayokuokoa. Baadhi ya vinasa vipya vya 32-bit float, kama Zoom F3, havina hata kitufe cha kuweka geini, yaani kiwango cha sauti inayoingia. Sauti ikizidi unaishusha baadaye na haijapasuka, ilimradi maiki yenyewe haijazidiwa.

Kuna jambo jingine lisiloandikwa kwenye maelezo ya vifaa: subira ya wazee. Nimeshuhudia kikundi kikiwa tayari kimekaa, ngoma zimeshaotwa moto na kukaza ngozi, huku mtu wa kompyuta anahangaika programu haioni intafesi. Kiongozi akauliza kwa upole, "Mwanangu, tupige, au bado unachezea mashine?" Ngozi ikapoa, wakawasha moto upya. Kinasa kinawaka kwa sekunde chache na kina kitufe chekundu kimoja. Kwa muziki ambao ala zake zenyewe zina saa yake ya kuiva, hiyo si faida ndogo.

Sasa upande wa pili. Mwimbaji wa bongo fleva anaimba juu ya biti iliyokwisha kupangwa, labda kwa kasi ya mapigo 100 au 105 kwa dakika, tena anaimba mstari huo huo mara kumi ili ichaguliwe mara moja. Hapa kompyuta haina mfano. Unarudia kipande cha mistari miwili bila kugusa kingine, unapanga safu za kiitikio, unaona mahali pumzi ilipoingia. Kinasa cha mezani kinaweza hayo pia, kwa kioo kidogo na vitufe vingi; waliokizoea wanakwenda haraka kwelikweli, lakini mgeni atatoka jasho.

Ubaya wa kompyuta kwa mwimbaji ni ucheleweshaji. Sauti inaingia, inachakatwa, inarudi kwenye hedifoni, na katikati hapo muda umepita. Programu ikiwekwa ichakate sauti kwa mafungu (bafa) ya sampuli 256 kwa 48 kHz ni milisekunde 5 na kidogo kwa kila hatua, na wengi hawausikii. Ikipandishwa hadi 1024 kwa sababu laptopu imechoka, zinafika milisekunde 21 kabla hujahesabu safari ya kurudi, na mwimbaji anaanza kujivuta nyuma ya biti bila kujua kwa nini. Intafesi nyingi zina kitufe cha kusikiliza moja kwa moja bila kupitia kompyuta; kitumie. Kinasa hakina tatizo hili kwa kiwango cha kusikika.

Ukichanganya njia zote mbili, swali la kasi linakurudia kwa sura nyingine. Ngoma uliyonasa ufukweni ikapanda mori katikati haitakaa kwenye biti ya kasi moja. Una hiari mbili. Ama unafuata ngoma, yaani unaipangia programu ramani ya kasi inayopanda na kushuka pamoja na mpigaji, kisha kinanda na besi vinaifuata. Ama unamwekea mpigaji mmoja tu, yule wa ngoma kuu, mdundo sikioni, wengine wanamfuata yeye kama kawaida yao. Binafsi napenda ya kwanza, ingawa inakula usiku mzima.

Unachoweza kusahihisha

Kinasa cha maiki mbili kinakupa picha moja iliyoganda. Filimbi ikikosea, imekosea; huwezi kuitoa bila kung'oa na ngoma iliyo chini yake. Dawa ni kupiga tena. Cha mezani chenye treki nane ni afadhali, kwa sharti kwamba kila ala ina maiki yake na ngoma kubwa haivuji kwenye maiki zote. Itavuja.

Kwenye kompyuta unakata, unahamisha, unanyoosha sauti, unafuta honi ya bodaboda. Uhuru huo una mtego wake: kazi haiishi. Mwenye kinasa cha mezani anamaliza wimbo kwa sababu chaguo zake ni chache. Mwenye programu ana wimbo toleo la 14, na la 9 ndilo lilikuwa zuri.

Njia ya tatu inakupa usahihishaji wa kompyuta, lakini kwa kile tu kinasa kilichokitenganisha. Ndiyo maana, kwa anayepanga kuchanganya, kinasa chenye maiki zake mbili pamoja na matundu mawili ya waya, kama Zoom H5, kina thamani kuliko cha maiki mbili pekee. Maiki za juu zinachukua kundi zima. Tundu moja linakwenda kwa mwimbaji, jingine kwenye zeze. Treki nne, na mbili kati yake unaweza kuzishika peke yake baadaye. Ukichukua sauti kutoka kwenye miksa ya jukwaani, kumbuka towe la miksa, yaani tundu la kutolea sauti, lina nguvu kuliko maiki. Kama kinasa kina swichi ya kupunguza, iwashe, la sivyo utapata mpasuko ambao hakuna programu inayouponya.

Gharama ya kuunganisha viwili

Wanaouza wazo la "vyote viwili" hawaisemi sehemu hii. Kila kifaa kina saa yake ndani, na saa mbili hazifanani kamwe. Kinasa na kompyuta, au kinasa na kamera, vikirekodi tukio moja kwa pamoja, vinaachana taratibu. Tofauti ya sehemu 50 kwa milioni, ambayo si ajabu kwa vifaa vya bei ya kawaida, ni milisekunde 12 kwa wimbo wa dakika nne: hutaisikia. Kwa saa nzima ya maulidi ni milisekunde 180, na hapo midomo kwenye video imeshaachana na maneno.

Tiba ni ya kizamani. Piga kofi moja kali mbele ya vifaa vyote mwanzoni, na jingine mwishoni. Kwenye programu unalinganisha kofi la kwanza, unatazama la mwisho limekosana kiasi gani, unanyoosha faili moja hadi yakutane. Kazi ndefu ikate vipande, kila kimoja na kofi lake.

Kosa jingine ni la kipimo. Ukinasa kwa 44.1 kHz na mradi wako uko 48, programu nyingi zitakubadilishia zenyewe. Isiyobadilisha itaukimbiza wimbo, na sauti itapanda karibu nusu-toni moja na nusu za kinanda. Mwimbaji mzima anageuka mtoto. Amua kipimo kimoja siku ya kwanza, WAV na wala si MP3, na usikibadilishe.

Vinasa kadhaa, H5 na R16 vikiwamo, vinaweza pia kuchomekwa kwa USB na kufanya kazi ya intafesi. Kwa mwenye pesa ya kifaa kimoja hiyo ni njia ya mkato nzuri, na tatizo la saa mbili zisizofanana linaondoka. Lakini ukiwa hivyo uko kwenye kompyuta, na mipaka yote ya kompyuta inakuhusu.

Usalama wa kazi

Stereo ya 24-bit kwa 48 kHz inakula karibu GB 1 kwa saa; treki nane, zaidi ya GB 4. Vinasa vingi vya Zoom hukata faili likifika GB 2 na kuanza jingine, yaani kila baada ya saa mbili hivi kwa stereo. Kwa zikri ya usiku kucha utakuta mafaili manne au matano; yaunge kwenye programu, hayana pengo la kusikika.

Kwenye kinasa, adui ni kadi bandia. Imeandikwa GB 64, ndani kuna 8, na inaendelea kujifanya inaandika. Ijaze kwa mafaili ya majaribio kabla ya kazi, uyafungue uone kama yanasoma. Kwenye kompyuta, adui ni diski moja yenye kila kitu. Njia ya tatu ina nakala mbili tangu mwanzo, moja kwenye kadi na moja kwenye kompyuta, na hiyo pekee ni sababu nzito kwa anayerekodi wazee ambao huenda hawatapiga tena.

Mfuko

Kinasa cha mkononi ndicho mlango wa bei nafuu kwa asiye na kompyuta. Kwa aliyenayo tayari, Audacity ni bure, na Reaper inakupa siku 60 za kujaribu kabla ya leseni ya punguzo ya dola 60; anachobaki kudaiwa ni intafesi, maiki na hedifoni zilizofunga masikio. Kinasa cha mezani kipya ni ghali kuliko kinavyoonekana, kwa kuwa maiki nane hazimo kwenye boksi. Kwa njia ya tatu usinunue vyote siku moja. Anza na kile kinachokosekana.

Kwa hali yako

Mwalimu wa kaswida au kiongozi wa kwaya anayetaka kumbukumbu ya mazoezi na nyimbo chache za kugawa: kinasa cha mkononi, na aishie hapo. Kompyuta itamwongezea kazi ambayo hana muda nayo. Anayerekodi zikri au shughuli yoyote ya ibada aanze kwa kuomba ruhusa kwa khalifa au shehe mwenyewe, na akubaliane naye mapema sauti itakwenda wapi. Kinasa kidogo kisicho na mwanga wala waya hakiwavurugi watu.

Bendi inayojirekodia yenyewe, isiyopenda kutazama kioo, yenye chumba na umeme wa uhakika, itafurahia kinasa cha mezani kuliko inavyoambiwa na vijana. Prodyuza wa bongo fleva asiyewahi kutoka na maiki nje ya chumba abaki na kompyuta, na pesa ya kinasa aitie kwenye maiki bora na magodoro ya kutuliza mwangwi ukutani.

Anayechanganya ngoma na biti, mwanafunzi wa sanaa anayekusanya nyimbo za kwao, au mwenye kazi ya video za matamasha: vyote viwili. Awe tayari kwa makofi, ramani za kasi na usiku wa kupanga mafaili.

Na kama huna hata kimoja, na tamasha liko wiki ijayo, azima kinasa cha mkononi, nunua kadi halisi na kofia ya manyoya, ukakijaribu jioni moja ufukweni upepo ukiwa juu. Suala la kompyuta lisubiri tamasha lipite. Faili la WAV haliozi.